Mkutano wa Washirika

Nyumba ninayoitunza ilikuwa ya babu yangu. Sasa ni makumbusho, na mimi ndiye mtunzaji, mkata tiketi na mfagiaji. Siku ambazo hapaingii mgeni hata mmoja, nazo ndizo nyingi, mimi ndiye mgeni pia: huzunguka vyumbani nikisoma vikaratasi vya maelezo ambavyo nimeviandika mwenyewe.

Iko katika mji wa kale wa Malindi, ndani ya kichochoro ambacho watalii hukipita wakiuliza njia ya ufukweni. Ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wa nyumba ya pili, iliyokuwa ya ndugu yake babu. Ndugu hao wawili walijenga mgongo kwa mgongo, wakaacha mlango mfupi katikati, upande wa jikoni, ili wake zao na binti zao wapitiane bila kutoka njiani. Tuliuita mlango wa kati. Ukiwa mrefu kama mimi huwezi kuupita bila kuinama, na mtoto yeyote wa ukoo wetu aliyerefuka ana kovu la paji la uso la kulithibitisha hilo.

Shangazi yangu alizaliwa katika nyumba hii ya makumbusho. Akaolewa na binamu yake wa nyumba ya pili, na siku ya arusi alipitishwa kwenye mlango wa kati, akiwa amefunikwa, akiinamishwa kichwa na kina mama. Mwenyewe hupenda kusema kwamba hakuna bibi arusi wa Malindi aliyesafiri karibu kama yeye, na bado alilia njia nzima. Baadaye warithi wa nyumba ya babu wakawa wengi, kila mmoja akataka chake, ikauzwa, ikawa mali ya umma. Shangazi akabaki upande wake. Mume akafariki, watoto wakatawanyika, mmoja Mombasa, wengine Arabuni, na yeye akawa peke yake na vyumba vyake.

Mimi nilirudi kutoka Nairobi baada ya miaka mingi ya kazi za ofisini. Nilikuwa nimeachana na mke wangu, na watoto wetu walikuwa wakubwa, wa kunipigia simu Ijumaa wakikumbuka. Nafasi ya utunzaji ilipotangazwa niliomba, nikapewa. Watu walinipongeza kwa kurudi nyumbani. Sikuwaambia kwamba niliowaacha wamehama au wamekufa, na waliozaliwa nyuma yangu wananiita mzee wa makumbusho, hawajui mimi ni mtoto wa nani.

Aliyenijua ni shangazi. Kila asubuhi mlango wa kati ulilia bawaba, naye akaingia na birika la chai na sahani ya mahamri na mbaazi iliyofunikwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, bwana makumbusho. Wamekuja wageni?"

"Bado."

"Watakuja. Wakija waambie waniletee ndizi."

Kisha alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ambayo ni kifaa cha maonyesho na hairuhusiwi kuguswa, akanisomesha. Kwamba kifumbu cha kuchujia tui nimekitundika kwa kinyume. Kwamba kitanda cha juu hakikuwa cha bibi, cha bibi kilikuwa na kioo. Siku moja alitazama kikaratasi kilichoandikwa "Mbuzi: chombo cha kukunia nazi," akacheka mpaka akashika ubavu. "Na mimi nibandike kimoja," akasema. "Ajuza: chombo cha kupikia chai." Adhuhuri ilikuwa zamu yangu. Niliinama nikapita upande wake kula, nikauacha mlango wazi nyuma yangu, kwa kuwa ukiwa wazi nilimsikia mtu yeyote aliyeingia makumbusho na niliwahi kurudi. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu yote ya watu. Sikuwa na mengine, na sikuyataka.

Mwaka ule mvua za masika zilitushika vibaya. Huko nyuma kuna waliowahi kuzikarabati kuta zetu kwa saruji, kwa nia njema na haraka, na saruji juu ya jiwe la matumbawe hufungia unyevu ndani. Boriti za dari ya chumba cha juu zikaoza vichwa. Nikaweka ndoo, nikaongeza ndoo, nikafunga chumba. Ofisi kuu ikaandika maombi kwa wafadhili wa ng'ambo, na kwa bahati wakapatikana waliovutiwa. Walikuwa na sharti moja kubwa: jiwe lisiguswe mpaka washirika wa makumbusho, watu wa mahali penyewe, wakutane na kuulizwa juu ya kila kitu. Hilo lilinifurahisha. Nimekaa kwenye semina za kutosha kuona majengo yakirekebishwa na watu ambao hawakuwahi kumwuliza jirani hata jina.

Tangazo lilitoka ofisi kuu likiwa limeshachapwa, lina nembo juu: MKUTANO WA WASHIRIKA. Washirika wote mnakaribishwa. Nililibandika kwenye mlango mkubwa, nikalituma kwa wasapu kila nilikoweza. Halikunishtua. Nilikuwa nimeishi kwenye Kiswahili cha ofisi muda mrefu mno, na kwenye Kiswahili hicho washirika ni watu waliokaa kuizunguka meza yenye chupa za maji.

Niseme wazi nilichokuwa nikikitaka siku ile. Dari niliitaka, ndiyo, lakini zaidi ya dari nilitaka watu. Nilitaka kichochoro kizima kiingie, kina mama wakae uani wabishane juu ya kitanda cha bibi, na wakishazoea waendelee kuja hata wafadhili wakiondoka. Nilinunua halwa. Nilikodi viti. Nilifagia mara mbili, nikavaa kanzu mpya, nikasimama mlangoni.

Majirani hawakuja. Niliwaona nyuma ya mapazia yao, niliona mlango mmoja ukifunguka kidogo na kufungwa taratibu, lakini hakuna aliyevuka. Nikaanza kuona uchungu. Halafu nikasikia kayamba.

Walikuja wakiimba, wamevaa sare nyeupe na vitambaa vya buluu kichwani, wamejaa kichochoro upande hadi upande. Wengine walikuwa wametoka Matsangoni kwa basi la shule waliloliazima, na wengine walikuwa wa hapa mjini, walimu na wafanyakazi wa hoteli waliotoka bara. Aliyewaongoza alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya kuamrisha na uso wa kucheka.

"Bwana asifiwe!"

"Karibuni," nikasema, maana ndilo nililokuwa nalo.

"Tumeona mwaliko wa washirika, tukaambizana, jamani, makumbusho yametukumbuka! Hatujawahi kualikwa huku. Tukasema tusije mikono mitupu, tukaja na wimbo."

Hapo ndipo iliponiingia. Washirika. Washirika wa kanisa. Pwani yote hii, ukimtaja mshirika, mtu wa kawaida humwona mtu anayekwenda ibada Jumapili. Mimi mwenyewe nilikuwa nikilijua hilo tangu utotoni, na nilikuwa nimelisahau kwenye semina. Lakini ungewafukuza vipi watu waliokuja wanakuimbia? Niliwakalisha kwenye viti vya majirani, nikawapa halwa ya majirani.

Wafadhili walipofika walifurahi kupita kiasi. Mtaalamu wao wa majengo ya kale alikuwa mwanamke mpole, mwenye Kiswahili safi cha darasani, na alipiga makofi ya wimbo mpaka mwisho. Kisha akatuzungusha nyumba nzima, akiuliza juu ya kila dirisha na kila ngazi. Wale waimbaji walijibu kwa uungwana walivyoweza. Tulipofika jikoni aliugusa mlango wa kati.

"Mlango huu, washirika, unatumika?"

Wakatazamana. Yule mama akasema, "Mlango huu hatuujui."

Mtaalamu akaandika.

"Ninautumia mimi," nikasema. "Kila siku. Na shangazi yangu."

"Wewe ni mwenzetu wa kazi," akanijibu kwa tabasamu. "Leo tunawasikiliza washirika. Lakini shangazi aje, tafadhali. Tutafurahi kumsikia."

Niliinama nikapita. Shangazi alikuwa ameketi chini akichagua mchele kwenye ungo.

"Shangazi, njoo mara moja. Wauliza habari za mlango wetu."

"Kina nani?"

"Wafadhili. Na washirika."

"Washirika wako nimewasikia. Waimba vizuri, khasa yule mwenye sauti nene. Ulibatizwa lini, mwanangu, na sisi tusipewe habari?"

"Shangazi, si mambo ya kanisa haya!"

"Washirika wasio wa kanisa ndio wepi? Karatasi umeibandika mwenyewe, mtaa mzima umeisoma. Tukasema, haya, nyumba imeazimwa kwa ibada, tuwape nafasi. Mama wa kule mbele hata kawazuia wanawe wasicheze mpira, wasije wakawatia wenzao kelele."

Kwa hivyo ilikuwa adabu. Majirani zangu wote walikuwa wamejifungia ndani kwa adabu, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwalaumu.

"Washirika ni nyinyi!" Nilipiga kelele, na simpigii shangazi kelele. "Ni nyinyi majirani!"

Aliuweka ungo chini. "Majirani ndiyo sisi. Mbona basi hukuandika majirani? Ungesema kuna kikoa, kila mtu na chungu chake, ungetuona tumejaa hapo tangu alfajiri."

Yeye hakungoja jibu. Alishika magoti, akainuka, akaingia chumbani kuvaa. Nilimwita aje hivyo hivyo na leso yake, akanijibu kutoka ndani kwamba hajawahi kutokea mbele ya wageni wa nyumba ya babake akiwa na leso ya jikoni na hataanza leo. Nilisikia kasha likifunguliwa. Nilisikia harufu ya udi. Nilirudi kuwazuia wafadhili, lakini walikuwa wameshapanda juu kwenye boriti, wakashuka, wakatazama saa, kwani walitakiwa wawe Kilifi kabla ya giza. Mtaalamu aliniambia amefurahi sana. Washirika walimsindikiza kwa wimbo mpaka garini.

Shangazi aliinama akatokea mlango wa kati akiwa kwenye buibui lake jema, macho ametia wanja. Akakuta ninapanga viti.

"Wako wapi?"

"Wameondoka."

Alitazama viti, akatazama sinia. "Halwa imebaki?" akauliza. Ilikuwa imebaki kidogo. Tuliimaliza sisi wawili, naye hakunilaumu kwa neno hata moja.

Fedha zilikuja, na kwa haraka kuliko ilivyo desturi. Picha ya kwaya ikiimba uani ilipendwa huko ng'ambo. Ramani za ukarabati zilipofika nilizikunjua mezani, nikakuta mlango wa kati umechorwa mistari ya mshazari. Maana yake uzibwe kwa mawe uwe ukuta. Maelezo yalikuwa mafupi: washirika hawautumii, na unapitisha unyevu kutoka nyumba jirani.

Nilipiga simu ofisi kuu. Niliambiwa kwa heshima kwamba washirika walishirikishwa. Nilisema washirika hao wanaishi Matsangoni. Niliambiwa makumbusho ni ya wote, na je, ninawabagua? Nilipandisha sauti, nikasema maneno ambayo mtumishi wa umma hatakiwi kuyasema. Aliyenisikiliza akaniambia kwamba uamuzi wa washirika hutenguliwa na washirika tu.

Nikaenda Matsangoni kumtafuta yule mama. Nilimkuta anaanua muhogo kabla ya mvua, nikamsaidia, na huku tukianua nikamweleza. Alishika kiuno.

"Mimi nilisema hatuujui. Kutoujua mlango ni kuukataa? Nitaukataaje mlango wa watu, nami hata kwangu sina wa mbao?"

Alinitaka nipige simu pale pale. Alizungumza na ofisi kuu kwa sauti ambayo simu haikuihitaji. Alisema mlango uachwe, kuna mama mzee anaupita, na yeye kama mshirika ndivyo asemavyo, na waandike. Upande wa pili walimshukuru sana kwa maoni yake. Wakasema yatazingatiwa katika awamu ijayo, maana ya sasa imeshatiwa saini. Yule mama alinirudishia simu, akafumba macho akauombea mlango wa shangazi yangu katikati ya muhogo, na mimi nikaitikia amina. Nilirudi Malindi nikijua kwamba mtu pekee aliyenielewa katika shughuli nzima ni yule aliyeketi kwenye kiti kisicho chake.

Fundi alikuwa kijana wa upande wa Adu, hodari wa chokaa. Dari aliitengeneza ikapendeza, boriti mpya zimenyooka, kuta zimepumua tena, na sitamnyima sifa kwa sababu ya mengine. Mlango wa kati aliuacha mwisho. Nadhani alikuwa akinipa muda, ila sikuwa na la kufanya na huo muda. Asubuhi alipoanza, shangazi alivuta kigoda upande wake akakaa kutazama. Mimi nilikaa upande wangu, juu ya mbuzi. Mawe yalipanda. Yalipofika kifuani alimpitishia fundi maji, na yalipokaribia kizingiti cha juu alinipitishia bakuli la mbaazi, likapita kwa shida, likiwa limelazwa upande.

"Fundi," akasema, simwoni tena, namsikia tu, "na upande wangu nipigie lipu vizuri. Sitaki kutazama mawe."

"Sawa, mama."

"Na wewe bwana makumbusho, kula kabla haijapoa."

Sikula. Fundi alimaliza, akapangusa mikono, akasema pole. Nilisema asante kwa kazi, kwa kuwa ndivyo inavyosemwa.

Siku ya kufungua upya palikuwa na hotuba, na kibao cha shaba kimetaja washirika. Mara hii majirani niliwaalika kwa miguu, nyumba kwa nyumba, nikitumia maneno ya kinyumbani. Baadhi walikuja, wakasimama karibu na mlango, wakapongeza, wakarudi kwao. Ilikuwa imeshakuwa nyumba ya shughuli. Shangazi hakuja. Kutoka kwake hadi kwangu sasa ni lazima atoke njiani, apite buchari, azunguke pembe ya msikiti na kuingia kichochoro kwa upande wa mbele, na magoti yake hayamruhusu kwenda sokoni, sembuse huko kote. Nikawa namwendea jioni nikishafunga. Lakini jioni yeye huwa amechoka, na tukawa tunazungumza juu ya dawa na bei ya mchele, kama watu wanaotembeleana.

Mchana ndio mgumu. Vyumba vimekauka, vimeng'aa, na vinarudisha sauti. Wakati mwingine husikia upande wa pili wa ukuta kitu kikianguka, kifuniko au kijiko, nikasimama na kusikiliza, na baada ya hapo hakuna kitu. Nimewahi kuita. Ukuta mzuri wa matumbawe na chokaa haupitishi sauti ya mtu.

Wiki moja hivi baada ya sherehe, nilikuwa mezani pangu niliposikia mlango mkubwa unagongwa.

"Hodi."

Nilinyoosha kola, nikainuka na sauti yangu ya wageni. "Karibu, karibu makumbusho!"

Alikuwa shangazi. Amevaa buibui la kutokea, mkono mmoja umeshika fimbo na wa pili umeshika ukuta, na anahema. Alikuwa amesimama nje ya kizingiti. Nilimshika mkono nimwingize, akauzuia.

"Shikamoo, shangazi. Wapiga hodi? Hapa?"

"Marahaba. Na nisipige? Hapa ni kwa watu." Hakusema kwa kunikomoa, alisema kama anavyosema leo jua kali. "Nimekuja kukuita. Chai nimeshapika. Mkono wa kuibebea sina, hii fimbo imeshauchukua. Njoo unywe ingali moto."

Nilitazama nyuma yangu. Nyumba ilikuwa wazi, mimi ndiye mlinzi wake peke yangu, na masharti mapya yanasema isiachwe bila mtu hata dakika. Zamani ningeinama tu nikapita, sikio likabaki huku. Sasa kwenda kwake ni kufunga, kuondoka na kuzunguka mtaa. Na wakati huo huo, wazungu wawili walikuwa wanakuja kichochoroni, mikononi wana ramani.

"Siwezi kuiacha nyumba, shangazi. Nitakuja jioni."

"Jioni," akasema. "Haya."

Alisogea kando kuwapisha wale wageni waingie, akawapa njia kwa adabu ya mtu aliye mlangoni pa wengine, akageuka. Nilitaka kumwambia kitu kabla hajaishika pembe ya ukuta. Wageni walikuwa wameshasimama mbele yangu wakiulizia tiketi, na maneno yaliyonitoka mdomoni ni yale ninayomwambia kila anayetoka kwenye mlango ule.

"Asante kwa kutembelea," nikamwambia. "Karibu tena."